Kupima umri wa mwamba kwa zirkoni: kutoka jabali la Uluguru hadi namba unayoweza kuitetea

Kabla hujabeba nyundo, andika daftarini swali moja: ni tukio gani unataka kujua lilitokea lini? Mwamba mmoja wa milima ya Uluguru unaweza kubeba umri wa aina tatu au nne kwa pamoja. Upo wakati magma ilipoganda. Upo wakati mwamba ulipozikwa zaidi ya kilomita 30 chini na kupikwa upya mabara yalipogongana. Upo wakati ulipopoa, na upo wakati mmomonyoko ulipouleta juu. Mashine itatoa namba kwa chochote utakachoiwekea. Kujua namba hiyo ni ya tukio lipi ni kazi yako, na kazi hiyo inaanzia kwenye jabali.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetaka kupima urani na risasi (metali, si ya bunduki) ndani ya zirkoni, yaani punje ndogo ngumu za madini zilizomo ndani ya mwamba, kwa leza inayozitoboa ili mashine ihesabu atomi zinazotoka, ili aeleze mwendo wa mabamba ya gamba la dunia. Mfano wetu ni Ukanda wa Msumbiji, yaani miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo inayotoka Msumbiji, ikapita mashariki mwa Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Jina hilo alilitoa mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes katika chapisho la mwaka 1951. Ni huyohuyo ambaye mwaka 1911 alipima urani na risasi katika madini kutoka Norwe akapata miaka milioni 370, kisha mwaka huohuo akaenda Msumbiji kutafuta madini. Wakati huo isotopi, yaani aina za elementi moja zenye uzito tofauti, zilikuwa hazijajulikana, kwa hiyo alihesabu risasi yote kama zao la urani. Swali la risasi ipi ihesabiwe bado ni mzizi wa makosa mengi leo.

Saa mbili ndani ya punje moja

Zirkoni inapoganda hukaribisha urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo karibu risasi yote utakayoikuta ndani yake imezaliwa humo. Urani-238 hugeuka risasi-206 kwa nusu uhai (muda wa nusu ya atomi kugeuka) wa miaka bilioni 4.468, na urani-235 hugeuka risasi-207 kwa nusu uhai wa miaka milioni 704. Hizo ni saa mbili zenye mwendo tofauti ndani ya punje moja. Zikikubaliana, una sababu ya kuziamini. Zisipokubaliana, jambo limeipata punje hiyo, na mara nyingi unaweza kulitambua.

Zirkoni safi haipotezi risasi kwa urahisi hata joto likizidi nyuzi 900 za Selsiasi. Ndiyo maana kiini cha punje huweza kubaki na umri wa zamani hata mwamba ukipikwa hadi ukaanza kuyeyuka, huku ngozi mpya ikiota juu yake na kuandika tarehe ya upishi huo. Katika sehemu za magharibi za Ukanda wa Msumbiji kuna naisi (miamba yenye mistari iliyogeuzwa na joto na mgandamizo) zenye viini vya zaidi ya miaka bilioni 2.5 na ngozi za milioni mia tano na kitu. Ukipiga leza katikati ya mpaka wa kiini na ngozi, utapata umri wa tukio ambalo halikuwahi kutokea.

Kuchagua mwamba

Granaiti, tonalaiti, naisi nyeupe, riolaiti na mchanga-mwamba huwa na zirkoni za kutosha. Basalti, peridotaiti na chokaa kwa kawaida hazina, au zina chache mno. Ukilazimika kupima gabro, tafuta mabaka yake yenye fuwele kubwakubwa, kwa kuwa humo ndimo umajimaji wa mwisho uliobeba zirkoni ulikogandia.

Majivu machanga ya volkano, kama yale ya Olduvai, yana njia yake. Mwaka 1961 tabaka la chini la Olduvai lilipewa miaka milioni 1.75 kwa njia ya potasiamu na agoni (potasiamu hugeuka agoni polepole), na hadi leo kwa miamba ya umri huo agoni katika fuwele za sanidini ndiyo chaguo la kwanza.

Kama swali lako ni lini miamba ilikunjwa au ufa ulikatika, usichukue sampuli ya mwamba uliokunjwa peke yake. Tafuta mishipa miwili ya granaiti, mmoja uliokunjwa pamoja na naisi na mwingine uliolikata kunjo bila kukunjwa. Umri wa wa kwanza unaweka mpaka wa zamani, na wa pili unaweka mpaka wa karibuni. Kama wa kwanza ni milioni 640 na wa pili milioni 610, mkunjo ulitokea kati ya hapo, na hakuna mhakiki atakayekuyumbisha. Siku mbili za kutafuta jozi hiyo zina thamani kuliko sampuli 10 zilizookotwa kando ya barabara. Kwa shahada ya uzamili, sampuli 4 zenye uhusiano unaoonekana kwa macho zinatosha.

Vibali, ramani na mfuko

Tanzania utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, na Kenya cha NACOSTI, yaani tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo. Ndani ya hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru, wasiliana pia na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kufika getini. Barua ya serikali ya kijiji isisahaulike. Kibali cha kusafirisha sampuli nje ya nchi hutolewa na mamlaka ya madini. Kianze mapema, kwa sababu ndicho kinachochelewesha watu hata baada ya kupata nafasi ya maabara.

Ramani nyingi za zamani za jiolojia za Afrika Mashariki zimechorwa kwa mfumo wa kuratibu mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu na GPS zinasoma WGS 84. Tofauti yake ni takribani mita 300. Ukichanganya, mshipa wako utaonekana ng'ambo ya mpaka wa miamba ambao hukuuvuka. Andika mfumo kila unapoandika nukta.

Chukua kilo 3 hadi 5 za granaiti au naisi nyeupe, na kilo 10 kama mwamba ni mweusi. Katika nchi zetu za joto na mvua, mwamba umeoza mita kadhaa kwenda chini, kwa hiyo nenda kwenye machimbo ya kokoto, mkato mpya wa barabara au kitanda cha mto. Zirkoni yenyewe haiozi kirahisi, ila punje zenye urani nyingi, ambazo mionzi imezivunja ndani, hupoteza risasi zikikaa kwenye maji ya udongo. Ondoa ganda lililooza palepale kwa nyundo. Naisi ikiwa na mistari myeupe iliyoyeyuka na mistari myeusi iliyobaki, itenganishe katika mifuko miwili, kwani mistari hiyo inaweza kuwa na tarehe mbili.

Tumia mfuko mpya. Andika namba nje kwa kalamu isiyofutika na uweke karatasi yenye namba hiyohiyo ndani. Pima mwelekeo na mwinamo wa tabaka, piga picha yenye kitu cha kuonyesha ukubwa, na hifadhi kipande cha ukubwa wa ngumi kwa ajili ya kipande chembamba cha hadubini. Bila kipande hicho hutajua kama zirkoni ilikuwa imefungwa ndani ya ganeti au imekaa kati ya punje, na jibu la swali la tukio mara nyingi limo humo.

Kusaga bila kuchafua

Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika kimyakimya. Punje moja ya mteja aliyetangulia, iliyobaki kwenye meno ya mashine, inaweza kukuzalishia "bara la kale" ambalo halipo. Kabla ya kila sampuli fungua mashine, piga brashi ya waya, puliza hewa yenye shinikizo, futa kwa asetoni, kisha saga kwats safi na uimwage. Karasha la wachimbaji wa dhahabu usilitumie kabisa, hata likioshwa vipi. Limepitisha miamba ya vijiji vizima.

Ponda kwa mashine ya taya hadi vipande vya nusu sentimita, kisha kwa mashine ya sahani, ukianza na mwanya mpana na kuupunguza kidogokidogo. Chekecha kila mara kwa chekeche la mikromita 400 au 250, na urudishe kwenye mashine kile tu kilichobaki juu. Anayeukaza mwanya tangu mwanzo hupata unga mwingi na zirkoni zilizovunjika, na punje iliyovunjika haikuonyeshi tena ngozi yake.

Baada ya hapo, osha. Karai la mchimbaji mdogo ni kifaa bora hapa, mradi liwe jipya. Zirkoni ina uzito wa karibu mara 4.6 ya maji na kwats ni 2.65, kwa hiyo mkono uliozoea dhahabu utaondoa sehemu kubwa ya mchanga mwepesi kwa dakika chache. Usiwe mkali, maana zirkoni ndogo zenye umbo la sindano hukimbia na maji. Hifadhi mchanga uliomwagwa hadi kazi iishe.

Kausha kwa joto la chini. Pitisha sumaku ya mkono iliyofunikwa karatasi kuondoa magnetaiti na vumbi la chuma cha mashine, kisha tumia mashine ya sumaku ya Frantz kwa mwinamo wa nyuzi 10, ukipanda kwa hatua: ampea 0.4, 0.8, 1.2 na 1.5. Zirkoni safi hubaki upande usiovutwa. Kwa mchanga-mwamba usifike mwisho. Punje zenye urani nyingi na chuma kidogo huvutwa, nawe utakuwa umezifuta familia nzima za umri bila kujua.

Kinachobaki kipitishe kwenye kimiminika kizito. Methileni ayodaidi ina uzito wa 3.3 na hutenga vizuri, lakini ni sumu: fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukivaa glavu na miwani. Mbadala salama zaidi ni politangsteti ya sodiamu, inayochanganywa na maji hadi uzito wa 2.8 au 3.0. Iyeyushe kwa maji yaliyokenekwa tu, kwa sababu kalsiamu ya maji ya bomba huifanya igande isitumike tena. Ujue pia kwamba apataiti, yenye uzito wa 3.2, itazama pamoja na zirkoni katika kimiminika hiki.

Ukiweza kufanya hatua hizi nyumbani, badala ya kilo 20 za mawe utasafirisha vichupa vidogo.

Kuokota, kugandisha, kupiga picha

Mwaga punje kwenye kisahani chenye ethanoli chini ya hadubini na uziokote kwa sindano. Kwa granaiti, chagua punje angavu zisizo na nyufa. Kwa mchanga-mwamba fanya kinyume: usichague. Mimina ovyo na upime kila inayokuja, kwa kuwa jicho hupenda punje kubwa nzuri, na punje nzuri huenda zote zimetoka mlima mmoja. Punje 117 zinakupa uhakika wa asilimia 95 kwamba hujakosa familia yoyote inayobeba angalau asilimia 5 ya mchanga. Wanaopima 60 kisha wakaandika kwamba chanzo fulani "hakikuwepo" wanasema zaidi ya wanachokijua.

Zipange kwenye gundi ya pande mbili pamoja na punje za zirkoni rejea (zenye umri unaojulikana tayari), mimina epoksi kwenye kipete cha sentimita 2.5, ngoja ikauke kabisa, kisha sugua kwa msasa laini na unga wa almasi hadi punje zikatwe nusu. Kagua kila baada ya nusu dakika. Punje nyingi zina upana wa mikromita 50 hadi 100, na kuzidisha dakika moja kunazing'oa.

Kinachofuata ni picha ya mwanga unaotolewa na punje zinapopigwa elektroni. Usikubali kwenda kwenye leza bila picha hii, hata msimamizi akikuharakisha. Mistari myembamba iliyofuatana na umbo la fuwele ni alama ya kuganda kutoka magma. Ngozi pana isiyo na mistari, iliyokata mistari ya ndani, ni alama ya mpikiko, yaani ule upishi wa baadaye. Sehemu nyeusi ina urani nyingi na huenda imevuja risasi. Chapisha picha, weka alama za nukta kwa kalamu, na ukae mbali na nyufa na mipaka.

Siku ya mashine

Vipimo vya kawaida: tundu la mikromita 25 hadi 40, mapigo 5 kwa sekunde, nishati ya jouli 2 hadi 3 kwa sentimita mraba, sekunde 20 za kusoma gesi tupu, kisha sekunde 30 za kuchimba. Ngozi ikiwa nyembamba kuliko mikromita 25, leza haitakufaa. Tafuta mashine ya miale ya ayoni, ambayo huchimba mikromita 1 au 2 tu kwenda chini.

Kila baada ya punje 8 au 10 rudi kwenye zirkoni rejea. Tumia moja kusahihisha, kwa mfano ile iitwayo 91500 ya Kanada yenye miaka milioni 1065, na nyingine kama shahidi, kwa mfano Plešovice ya Jamhuri ya Cheki yenye milioni 337. Shahidi huyu asitumike kusahihisha chochote. Mchukulie kama sampuli usiyoijua. Akitoka milioni 331 hadi 344, siku yako ni nzuri. Akitoka 350, simamisha kazi, kwa sababu hata sampuli zako zimesogea.

Tazama mstari wa kila punje unavyopanda na kushuka wakati leza inachimba. Ukiruka ghafla katikati, leza imetoboa kutoka ngozi hadi kiini, kwa hiyo kata kipande kinachofaa au itupe nukta hiyo. Zebaki-204 iliyomo kwenye gesi hujifanya risasi-204, kwa hiyo masahihisho ya risasi ya kawaida (isiyozaliwa na urani ndani ya punje) yanayotegemea 204 yanahitaji uangalifu mkubwa.

Afrika Kusini ina maabara za aina hii, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Uliza mapema kama bei ni kwa saa au kwa nukta, na kama wao ndio watakaochakata data. Omba ukae mwenyewe kwenye mashine. Aliyetumiwa jedwali kwa barua pepe hawezi kujibu maswali ya siku ya utetezi.

Kutoka uwiano hadi umri

Tuseme nukta ya ngozi imekupa uwiano wa risasi-206 kwa urani-238 wa 0.1041. Ongeza 1, chukua logi asilia ya 1.1041, ambayo ni 0.09903, kisha gawa kwa kiwango cha kuoza cha 1.55125 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka. Unapata miaka milioni 638. Saa ya pili: risasi-207 kwa urani-235 ni 0.875. Logi ya 1.875 ni 0.6286, gawa kwa 9.8485 × 10⁻¹⁰, na unapata milioni 638 tena. Nukta hii inakaa juu ya konkodia, yaani mchirizi ambapo saa mbili zinapatana. Leza ina kosa la asilimia 1 hivi, kwa hiyo nukta moja andika 638 ± 6, usiandike 638.4.

Kwa miamba iliyo chini ya takribani miaka bilioni moja tumia umri wa 206 kwa 238. Juu ya hapo tumia uwiano wa 207 kwa 206, ambao huwa sahihi zaidi kadiri mwamba unavyozeeka.

Nukta zikianguka chini ya konkodia, usikimbilie kuzifuta. Zikijipanga kwenye mstari ulionyooka, ncha ya juu inaweza kuwa kuganda na ncha ya chini tukio lililotoa risasi. Lakini mstari huohuo huzaliwa pia na tundu lililochanganya kiini na ngozi, na hapo ncha zote mbili ni za kweli huku namba za katikati hazina maana. Rudi kwenye picha uone tundu lilikaa wapi. Nukta zinazotambaa juu ya konkodia yenyewe, tuseme kutoka 650 hadi 600, ni mtego mbaya zaidi: wastani wake utapendeza na utakuwa wa uongo. Kipimo cha mtawanyiko, MSWD, kinapaswa kukaribia 1. Kwa nukta 15, chochote juu ya 1.8 hivi kinakuambia hilo si kundi moja. Kufuta punje moja baada ya nyingine hadi MSWD ishuke ni kudanganya, hata kama programu inaruhusu.

Uwiano wa thoriamu kwa urani chini ya 0.1 mara nyingi huashiria zirkoni ya mpikiko, ila katika granulaiti (miamba iliyopikwa kwa joto kali sana) ngozi nyingi huvuka kiwango hicho. Kitumie kama ushahidi wa kuunga mkono picha.

Namba inapokutana na mabamba

Mwaka 1994 Sospeter Muhongo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na J.-L. Lenoir, walichapisha umri wa zirkoni za granulaiti za Ukanda wa Msumbiji nchini Tanzania, na upishi mkuu ukaangukia kati ya miaka milioni 650 na 620 hivi. Umri wa madini mengine uliokuja baadaye ulionyesha kwamba granulaiti hizi zilipoa polepole sana. Zirkoni peke yake isingeweza kusema hivyo, kwa sababu inaandika kilele cha joto na kunyamaza.

Kwa hiyo, kama swali lako ni mwendo wa kuinuka, panga madini kwa joto lake la kufunga, yaani joto ambalo chini yake saa ya madini huanza kuhesabu: honiblendi kwa agoni karibu nyuzi 500, biotaiti karibu 300, nyufa za mionzi (michirizi inayoachwa na atomi za urani zinapopasuka) katika apataiti karibu 110, heliamu ya apataiti karibu 70. Tuseme zirkoni ya ngozi iliota kwa nyuzi 800 miaka milioni 640 iliyopita, na honiblendi ikafunga milioni 560 iliyopita. Nyuzi 300 kwa miaka milioni 80 ni chini ya nyuzi 4 kwa milioni. Mwamba wa namna hiyo ulikaa kina kirefu muda mrefu, haukurushwa juu na ufa mkubwa. Ungepata nyuzi 50 kwa milioni, hadithi ya mabamba ingekuwa nyingine kabisa.

Unapoandika matokeo, sentensi iwe na namba, kosa kwa sigma 2 (uhakika wa asilimia 95 hivi), idadi ya nukta, MSWD, na tukio. Kisha jedwali liwe na nukta zote, zikiwemo ulizozikataa na sababu za kuzikataa, vipimo vya shahidi, viwango vya kuoza ulivyotumia, na mahali pa sampuli pamoja na mfumo wa ramani. Kipete cha epoksi kiandikwe namba kwa ncha ya almasi ubavuni, kwa kuwa wino hufutika na asetoni, kisha kihifadhiwe pamoja na mchanga uliobaki na kile kipande cha ukubwa wa ngumi.